Mahali Nilipoliweka Sanduku la Mboji

Vijana wa siku hizi mnanipigia simu mkiuliza swali moja tu: ninunue pipa gani la mboji? Mnanitumia na picha. Pipa jeusi la plastiki lenye mfuniko, pipa la mafuta lililokatwa katikati, sanduku la mbao, waya wa kuku uliozungushwa kwenye nguzo nne. Mimi ni bibi shamba mstaafu. Nimezunguka Bukoba na Muleba kwa pikipiki mpaka kiuno kikanigomea, na jibu langu huwa linawaudhi, maana nauliza kwanza unataka kuliweka wapi. Ukiniambia "popote tu, bibi, pale nyuma ya jiko," nakata simu na kusingizia mtandao.

Si kiburi. Nina sababu, na nimeificha muda mrefu, kwa sababu mtu aliyesomea kilimo chuoni na anayeimba kwaya ya Kilutheri kila Jumapili hapendi kusikika akisimulia mambo ya namna hii. Lakini nimeshastaafu, hakuna atakayenihamishia wilaya nyingine, kwa hiyo nitaeleza.

Kwanza niwape ya pipa, msije mkasema bibi amewapotezea muda. Kosa langu la kwanza nililifanya Kashozi. Nilimshauri mwalimu mmoja anunue pipa la mafuta kutoka duka la Mhindi mmoja mzee pale mjini, na sikumwambia alitoboe kitako. Alilijaza maganda ya ndizi, mvua za kwetu mnazijua, na baada ya wiki tatu maji yote yalikuwa yamesimama mle ndani. Watu waliokuwa wakienda misa walipita pale wameziba pua, na mwalimu akaacha kuniamkia. Tangu hapo nafundisha hivi: chombo cha mboji kisiwe na kitako, kikae juu ya udongo wenyewe ili minyoo ipande na maji yashuke. Kiwe na nafasi za kupitisha hewa, upana wa kidole unatosha. Na kiwe na paa, hata kipande cha bati, kama unakaa upande wetu wa mvua nyingi.

Halafu nikahamishiwa Kimwani, kwenye jua kali, na elimu yangu ya paa na mbao nikaibeba vilevile. Mchwa wa kule walilimaliza sanduku langu la mfano kabla mboji haijaiva, ikabaki misumari. Wakulima walicheka mpaka wakakaa chini. Kule nikajifunza kujenga kwa matofali, kivulini, na kumwagia maji. Kwa hiyo msimwamini mtu anayewatajia pipa moja kwa nchi nzima.

Sasa nirudi kwenye kisa chenyewe, cha mlimani juu ya Kemondo, nyumbani kwa mjane aitwaye Ma Kokugonza. Kila mtu alimwita Ma Koku. Kibanja chake, yaani lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, kilikuwa kimechoka na mikungu imekuwa midogo ya kusikitisha. Zamani maganda na majani tulikuwa tunayatupa palepale shinani mwa mgomba, na mabibi walinisimanga nilipoleta masanduku. Mmoja aliniuliza maganda yamefanya kosa gani hata yafungwe. Lakini ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umeingia, na hatukutaka watu watawanye mabaki ovyo. Mgomba mgonjwa hauingii kwenye sanduku kabisa, hilo mlishike, unafukiwa mbali. Ma Koku alinielewa upesi kuliko wengine, akaomba sanduku.

Nilikuwa na chuma changu cha kupimia udongo, ncha kali, urefu wa mkono. Nilichoma huku na huku kibanjani, kila mahali kikagonga mawe. Mahali pamoja tu, karibu na mwisho wa kibanja, kilizama chote bila kusukumwa. Palikuwa na kivuli kizuri. Palikuwa pia na milamula miwili, mmoja kila upande, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya viwanja na kwenye makaburi.

"Ma Koku, hapa pana nini?" nilimuuliza.

"Hapana kitu, waitu. Ng'oa."

Alinijibu akiwa anatazama ziwa. Mimi ni Mhaya, najua mlamula katikati ya kibanja si pambo. Lakini wingu lilikuwa limeshashuka, pikipiki yangu haikupenda matope, na shimo la chuma changu lilikuwa limenifurahisha mno. Niling'oa ile milamula miwili kwa mikono yangu na kuitupa kando. Tulijenga sanduku la mbao za mkaratusi, mbele tukaweka mbao za kuchomoa ili mboji ichotwe kwa chini, juu bati. Lilikuwa sanduku zuri kuliko yote niliyowahi kusimamia.

Mboji inayofanya kazi ina joto. Unachomeka fimbo katikati, unaiacha kidogo, ukiitoa unaishika: ikiwa na uvuguvugu, mambo yanakwenda. Baada ya majuma machache inapoa, na hapo unaigeuza. Ile ya Ma Koku haikupoa. Alikuwa haigeuzi na haikupoa. Nililiacha sanduku limejaa hadi juu, na nikirudi nakuta limeshuka nusu. Kuku wake walichakura kila kona ya kibanja, ila pale hawakusogea. Asubuhi mvuke ulitoka katikati ya mbao hata wakati wa kiangazi, na Ma Koku alizoea kuweka kigoda na kuliegemea sanduku kwa mgongo. Mimi nilifurahi tu. Niliwaambia wenzangu kazini kwamba nimepata fundisho la kuonyesha wageni.

Siku moja pikipiki iliharibika nikapanda kilima kwa miguu, kwa hiyo hakunisikia nikifika. Alikuwa anaongea Kihaya, polepole, uso karibu na mbao.

"Oza," alikuwa akisema. "Oza uishe. Wewe si yeye."

Nilidhani anaongea na simu, lakini simu yake niliiona dirishani inachaji. Nikacheka, nikamtania kwamba mboji haihitaji hotuba. Naye akacheka. Tukanywa chai, sikumuuliza kitu, na hilo nalijutia hadi leo.

Mboji ilipoiva ilikuwa nyeusi na laini, inatoa harufu ya mvua ya kwanza. Tuliichota hadi chini, mpaka kwenye udongo ule laini, maana hata udongo wenyewe ulikuwa umegeuka mweusi. Tukautoa nao, tukatandaza kibanja chote, karai moja kila mgomba. Msimu uliofuata mikungu ilikuwa mikubwa hata ikabidi kuiwekea miti ya kuitegemeza. Ukoo mzima ulikuwa unakuja kula kwa Ma Koku.

Mwaka wa pili akanipigia simu asubuhi. Sauti yake ilikuwa tulivu kupita kiasi.

"Bibi shamba, njoo. Njoo na kile chuma chako."

Nilikuta watu wamesimama ndani ya kibanja, wanatazama njiani. Ng'ambo ya njia mwanamume kijana alikuwa amekaa juu ya begi lake. Amevaa koti la mvua, amenyoosha mikono juu ya magoti. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Ma Koku alikuwa amesimama kwenye mwanzo wa kibanja, vidole vya miguu vimekomea pale pale njia inapoanza.

"Ni Mujuni wangu," aliniambia. "Wamenikataza kumshika."

Aliyenieleza ni Ta Ishengoma, mdogo wa marehemu mume wake na mkubwa wa ukoo. Miaka sita nyuma mtumbwi ulizama ukitoka visiwani, na watu wakasema Mujuni alikuwemo. Maiti haikupatikana. Ukoo ulingoja, mwisho wakafanya inavyofanywa: wakakata gogo la mgomba kwa urefu wa mtu, wakalivisha sanda, wakalilia kwa jina lake na kulizika. Ma Koku alikataa kutoka nje siku hiyo. Alisema mwanawe hajafa na yeye halilii mgomba. Kumbe ni kweli, Mujuni hakupanda ule mtumbwi. Aligombana na mwenye mtumbwi, akashika njia ya migodini. Habari ya mazishi yake ilimfikia baadaye, na akaogopa.

"Mtu akishazikwa anarudije?" alituuliza kutoka kule ng'ambo.

"Anarudi vizuri tu," Ta Ishengoma alisema, "ila kile kilichozikwa kwa jina lake lazima kifukuliwe mchana, akione kwa macho yake, kitupwe ziwani. La sivyo wako wawili wenye jina moja. Mmoja yuko njiani na mmoja yuko ndani, na aliye ndani ndiye mwenye nyumba. Huyu akiingia, hatujui ameingia nani."

Nilimuuliza walilizika wapi, ingawa miguu yangu ilikuwa imeshajua. Alinyoosha mkono kwenye sanduku langu.

Tulibomoa mbao, tukatoa mboji, tukachimba hadi kifuani. Hapakuwa na gogo. Hapakuwa na sanda, wala uzi wa sanda. Ni udongo mweusi tu, wenye joto mpaka chini kabisa, na vijana waliokuwa wanachimba wakaanza kutazamana. Mimi nikajitia utaalamu. Nikaeleza kwamba mgomba ni maji matupu, unaoza upesi, na pamba inaoza vilevile.

"Najua mgomba unaoza, bibi," Ta Ishengoma alinikatiza. "Lakini kaburi hubaki na udongo wake. Tungechota udongo. Udongo wa hapa uko wapi?"

Nilizungusha mkono kuonyesha kibanja chote, migomba yote, na mikungu iliyotegemezwa kwa miti.

"Umemtandaza," alisema.

"Na sisi tumemla," mtu mwingine akasema nyuma yangu, kwa sauti ndogo.

"Msimlaumu," Ma Koku alisema bila kugeuka. "Mimi ndiye niliyemwambia hapana kitu, ang'oe. Sikutaka kaburi la mtoto aliye hai. Nilitaka lioze, lisionekane tena."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini. Mama huyu peke yake ndiye aliyeamini mwanawe yu hai, na imani yake pamoja na utaalamu wangu ndivyo vilivyomfungia mtoto mlango. Kwa siku mbili Mujuni alikaa kwenye banda la kahawa la jirani, na kwa siku mbili mama yake alisimama palepale mwanzo wa kibanja akimtazama. Mujuni alisukumiwa chakula kwa mti mrefu. Nilimwona Ma Koku akinyoosha mkono mara moja, halafu akaurudisha na kuushika kwa mkono mwingine.

Siku ya tatu Ta Ishengoma alikuja na uamuzi. Kilichotandazwa hakikusanyiki, alisema, ila kinaweza kuliwa na mwenyewe. Kila mgomba uliopata ile mboji ukatwe ndizi moja. Zipikwe sufuria moja, Mujuni azile zote, akiwa njiani, mbele ya macho ya watu. Akimaliza, kilicho chake kitakuwa kimerudi kwake, na atakuwa mmoja.

Kabla hawajaanza kukata, Ma Koku akiwa ameingia ndani kutafuta sufuria, Ta Ishengoma alinigeukia.

"Bibi shamba, ile mboji ilifika mahali pengine?"

"Hapana," nikajibu.

Nilidanganya. Nilikuwa nimejipakilia mifuko miwili siku ile ya kutandaza, ya bustani yangu ya mchicha nyumbani Bukoba. Ma Koku mwenyewe alinipa, lakini afisa wa serikali hapaswi kuondoka na mboji ya mkulima, na pale mbele ya ukoo mzima nilishindwa kulitamka. Nikajiambia haya ni mambo ya kizamani, hayana maana. Kama hayakuwa na maana, basi kusema kweli kungenigharimu nini?

Mujuni alikula tangu jua la asubuhi mpaka alasiri. Mama yake alikaa upande wake wa mpaka akimenya na kukata, mwingine akipika, yeye akila. Mwishoni alikuwa analia huku anatafuna. Alipomeza kipande cha mwisho Ma Koku akamnawisha mikono, na maji yalipokuwa bado yanadondoka akamshika vidole na kumvuta ndani. Watu walipiga vigelegele. Niliteremka ndani ya lile shimo kuchukua chuma changu, nikagusa udongo. Upande mmoja ulikuwa umepoa. Upande mwingine ulikuwa bado na uvuguvugu, na nikatoka haraka.

Mwezi haukuisha Ma Koku akanipigia tena.

"Anakula, anafanya kazi," alisema, "ila halali. Akifumba macho anasema yuko mahali pengine."

Nilimkuta Mujuni amekaa kwenye benchi, macho mekundu, amekonda. Nikamwomba anieleze anapaona wapi.

"Ni uwanja mdogo, mama. Kuna ukuta wa matofali ya kuchoma na tenki la bluu, mdomo wake umepasuka ukafungwa kwa mpira. Mimi nimelala kando ya ukuta, juu yangu majani. Asubuhi anakuja mwanamke na kisu kidogo, anakata. Haniumizi. Ila haniulizi."

"Unamjua?"

"Uso siuoni. Naona kandambili zake. Ya kushoto imeshonwa kwa waya."

Siku ile nilikuwa nimevaa viatu vya kufunga. Kandambili zangu zilikuwa nyumbani, mlango wa jikoni, na ya kushoto niliishona mwenyewe kwa waya wa umeme. Mujuni hakuwahi kufika kwangu, wala mama yake. Hapo hapo nikasema yote, mifuko miwili, uongo wangu mbele ya Ta Ishengoma, na mchicha niliokuwa nakula karibu kila siku na ugali wangu.

Nilitegemea Ma Koku anifukuze.

"Ulikuwa mzuri?" aliuliza.

"Mzuri sana," nikasema, na nikaanza kulia mtu mzima mimi.

"Basi twende tukauchukue," alisema, akafuata kanga yake.

Tuliposhuka garini Bukoba, Mujuni alitangulia. Hakuniuliza njia. Alikata kona ya kwanza, ya pili, akafika kwenye geti langu, akapitisha mkono juu ya mbao na kufungua komeo ambalo hata fundi wa maji huwa analitafuta. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akapiga magoti na kuweka viganja kwenye tuta. Nami nikaweka changu. Lilikuwa na uvuguvugu, na nilikuwa nimelimwagilia tuta lile miezi yote hiyo bila kuligusa kwa mkono.

Tuling'oa mchicha wote. Niliupika kwa chumvi tu, akaula na mizizi yake. Udongo wa tuta tukauchota kwenye magunia hadi tukafika kwenye kokoto, na gari la mizigo likaurudisha mlimani. Ma Koku akaufukia mwenyewe kwenye lile shimo, jembe kwa jembe. Juu yake hakutaka sanduku wala mlamula. Alipanda maharage.

Sasa nyinyi mnaokwenda kufanya kazi hii. Ya mvua na ya jua nimewaambia, ya kitako na hewa nimewaambia. Kuhusu mahali, msimuulize mtu mmoja tu. Muulize mwenye nyumba, muulize mkubwa wa ukoo, muulize na jirani anayewachukia, huyo ndiye anakumbuka kila kitu. Ukiona mmea umepandwa kwa mpango, usiung'oe kwa sababu wingu limeshuka. Na mboji ya watu usiondoke nayo, hata ukipewa, mpaka umejua imetoka wapi.

Nilirudi kwa Ma Koku baada ya juma moja, na chupa ya maziwa, kwa sababu sikujua nibebe nini. Mlango ulikuwa wazi na yeye amekaa kizingitini. Ndani, kwenye mkeka, Mujuni alikuwa amelala kifudifudi mchana kweupe, mdomo wazi, anakoroma. Alikuwa amelala tangu jana yake, aliniambia. Nikauliza kama tusimwamshe ale kidogo.

"Mwache," Ma Koku alisema. "Miaka sita nilikuwa namngoja aje. Kumngoja aamke si kazi."